Umewekwa kwenye listi ya kungoja chuo? Soma hii kabla hujaziwacha ofa zako zingine

Wiki hii peke yake nimeulizwa na watu watatu, mmoja wa Mkomani hapa Lamu na wawili wa Malindi, na swali ni lile lile: chuo cha Marekani hakijakataa wala hakijakubali, kimesema umewekwa kwenye listi ya kungoja, sasa hizi ofa zingine nilizo nazo mkononi nizifanyeje? Nimeona niandike yote mahali pamoja manake haya niliyapitia na mdogo wangu wa kike mwaka 2024, na kuna swali moja hatukuuliza mapema likatupotezea miezi miwili mizima, nitalifikia.

Kwanza uelewe hiyo barua inasema nini. Listi ya kungoja si ofa. Ni kama pale Mokowe basi la asubuhi limejaa na karani anakwambia simama hapo, abiria akikosa kuja utapanda. Hujakatwa tiketi. Vyuo vya Marekani vinajua si kila aliyekubaliwa atakuja, kwa hivo hutoa ofa nyingi kuliko viti, halafu wengi wao tarehe 1 Mei ndo mwisho wa wanafunzi kujibu. Baada ya hapo wanahesabu, wakiona viti vimebaki ndo wanarudi kwenye listi, na vyuo vingi hiyo listi haina namba moja wala namba mia, wanaangalia wanapungukiwa na nani, kama ni watu wa kozi fulani au wa pande fulani za dunia. Kwa hivo usikeshe ukiuliza uko namba ngapi. Kuna mwaka wanachukua wengi na kuna mwaka hawachukui hata mmoja, chuo kile kile.

Jambo la kufanya siku hiyo hiyo ni kujibu. Vyuo vingi havikuweki kwenye listi mpaka wewe mwenyewe uingie kwenye akaunti yako ya maombi useme ndio nataka kubaki, na kuna tarehe ya mwisho. Kwetu barua ilikuja Ramadhani, usiku baada ya tarawehe, mdogo wangu akasoma "hujakataliwa" akalia akafunga simu, ile sehemu ya kubonyeza tulikuja kuiona siku nne baadaye. Tungechelewa kidogo tu ingekuwa basi.

Halafu andika barua moja ya kusema bado unakitaka. Moja, si tano. Isizidi ukurasa. Sema kozi gani unaitaka na kwa nini kwao, sema nini kipya kimetokea tangu utume maombi, mfano matokeo ya KCSE, ule mtihani wa mwisho wa sekondari, kama yalikuwa hayajatoka, au kazi unayofanya sasa, na kama kweli ukichukuliwa utakwenda basi sema wazi, ila kama si kweli usiseme. Usiirudie insha uliyotuma mara ya kwanza, wanayo. Mdogo wangu alieleza vile alikuwa akifundisha watoto wa mtaa hesabu jioni, kitu ambacho mwanzo aliona aibu kukiandika ati ni kidogo. Na tafadhali, ami asipige simu, mwalimu mkuu asitume barua tatu, mama asiandike. Anayeomba ni wewe.

Sasa lile swali. Kwenye barua hiyo hiyo au kwa imeili fupi ya pembeni kwa ofisi ya udahili, uliza: mwanafunzi wa nje akitolewa kwenye listi ya kungoja, anapata msaada wa fedha au hapati? Sisi hatukuuliza. Tulidhani kwa vile waliokubaliwa mwezi wa tatu walipewa skolashipu basi na sisi tutapewa. Vyuo vingi pesa za wanafunzi wa nje huisha kwenye duru ya kwanza, na wakifika kwenye listi wanatafuta anayeweza kujilipia. Si wote, kuna wanaotoa, ndo maana lazima uulize chuo chako chenyewe, na ukijibiwa kwamba hakuna pesa na nyinyi hamna pesa, basi kungoja kwako kumekwisha siku hiyo na umeokoa moyo wako.

Turudi kwa ofa ulizo nazo. Wazee husema mshika mbili moja humponyoka, na kuna mama mmoja alimwambia mtoto wake awachane na vyote angoje kile kikubwa. Mi naona hapa methali haikai, kwa sababu kitu umeshika ni kimoja tu, hicho kingine unakitazama kwa mbali. Kukubali ofa moja na huku umebaki kwenye listi ya chuo kingine ni sawa kabisa, vyuo vyenyewe vinajua, ndo listi inavofanya kazi. Kisichofaa ni kulipa dipoziti, ile pesa ya kushikia kiti, vyuo viwili kwa mpigo ukadanganya vyote. Dipoziti ya Marekani kwa kawaida hairudi, kwa hivo kabla ya kulipa ihesabu kama pesa iliyokwisha kwenda hata ukija kuhamia chuo cha kwenye listi.

Na Uingereza mambo ni tofauti kidogo, ukiomba kupitia UCAS, ofisi inayopokea maombi ya vyuo vya huko, unachagua ofa moja ya kwanza na moja ya akiba, na aliyekosa kabisa ana njia ya Clearing, ya kutafuta viti vilivyobaki, ambayo hufunguliwa mwezi wa saba. Sitaingia huko sana.

Ya nyumbani ndo inayosahaulika na ndo inaniuma zaidi. Kuna watoto wanaona KUCCPS, shirika la serikali linalopangia wanafunzi vyuo vya Kenya, ni ya waliokosa, kwa hivo dirisha la maombi linafunguliwa linafungwa hawajaomba, wanangojea Marekani. Omba! Kama una C+ ya KCSE kwenda juu jaza kozi zako, angalia pointi za klasta zako, zile za masomo ambayo kozi inayaangalia, kati ya 48 na kozi ilichukua pointi ngapi mwaka uliopita, na chagua kozi ambayo ukiisoma miaka minne hutojuta. Usijaze ovyo ati ni ya kuziba pengo, manake huenda ndo itakuwa maisha yako. Pwani University iko Kilifi hapo, kutoka Malindi ni mwendo wa saa moja na kitu, na TUM, chuo cha ufundi cha Mombasa, mbali na Mombasa wana kampasi hapa hapa Lamu. Ukipangiwa kozi ambayo sio, kuna dirisha la kuhama chuo, lakini lazima uwe umefikisha pointi ambazo kozi unayohamia ilifungia mwaka huo, na chuo kikukubali.

Ukishapangiwa, siku hizi pesa haziji zenyewe, tangu mfumo wa 2023 lazima uombe mwenyewe mtandaoni skolashipu ya serikali na mkopo, wanakuweka kwenye bendi, yaani kundi, kulingana na hali ya nyumbani. Aliyepangiwa chuo binafsi anaomba mkopo tu, skolashipu ya serikali hapati, watu wengi hili hawalijui mpaka wafike. Na basari ya kaunti na ya NG-CDF, ule mfuko wa eneobunge, wanataka barua ya kujiunga na chuo pamoja na karatasi ya karo. Barua ya kuwekwa kwenye listi haikupi hata shilingi. Kwa hivo ukizembea na ofa ya nyumbani unapoteza kiti na basari kwa pamoja.

Hesabu sasa. Kaeni chini na mzazi, karatasi na kalamu, sio kichwani. Mdogo wangu alikuwa na ofa nyingine ya Marekani, chuo kilimkubali na skolashipu nono, nyumba nzima tukafurahi mpaka tulipopiga hesabu. Gharama ya mwaka na kula na kulala dola 62,000, wao wanatoa 47,000, zinabaki 15,000. Weka dola kwa shilingi 130, hiyo ni 1,950,000 kwa mwaka, mara minne ni 7,800,000, na karo kila mwaka hupanda. Hapo hujatia tiketi ya ndege wala bima ya afya. Watu wakasema atafanya kazi huko. Mwanafunzi mwenye visa ya F-1, ile ya masomo, anaruhusiwa kazi za ndani ya chuo tu mwanzoni, saa 20 kwa wiki wakati wa masomo, na pesa hiyo huwezi kuionyesha kwa chuo wala ubalozini kama ndo ya kujilipia karo. Baba akauliza "tutauza nini?" na hakukuwa na cha kuuza ila nyumba. Tukakikataa chuo kile kabla ya tarehe 1 Mei, na mtu asikwambie ati kukataa skolashipu ni kufuru, skolashipu inayobakisha milioni saba na zaidi ni deni.

Lakini siku ile tulifanya jambo moja zuri. Tuliandika namba: nyumba hii inaweza kutoa shilingi laki nne kwa mwaka, haizidi hapo. Karatasi ikabandikwa kabatini. Nakuomba na wewe uandike namba yako kabla jibu lolote halijaja.

Andika na tarehe. Listi inaweza kusogea mwezi wa tano, wa sita, hata wa saba, lakini wewe uko Lamu. Ukichukuliwa lazima chuo kikutumie fomu ya I-20, ile ya kuombea visa, ulipe ada ya SEVIS, mfumo wa Marekani wa kufuatilia wanafunzi wa nje, ambayo wakati wetu ilikuwa dola 350, ulipe visa ambayo wakati huo ilikuwa dola 185, utafute siku ya mahojiano ubalozini Nairobi, ambayo haipatikani kesho, na safari yenyewe ni boti, basi, basi tena. Kama ulikuwa umeshapata I-20 ya chuo kingine, chuo kipya kinatoa ya kwake, ile ada ya SEVIS unaweza kuomba ihamishiwe namba mpya ila visa lazima iende na chuo unachokwenda. Sisi tulisema ikifika tarehe 30 Juni kimya, tumetoka.

Paspoti fanya sasa hivi, usingoje kuchukuliwa. Na hapa nataka nikazie, manake sisi watu wa mwambao majina yetu yanatuponza: cheti cha kuzaliwa kimeandika Mohamed, cha KCSE kina Muhammad, kitambulisho kina jina la babu, shule haikuliweka. Toa karatasi zote uziweke mezani mstari mmoja, usome herufi kwa herufi. Kama zinatofautiana anza kurekebisha leo, kwa wakili au ofisi husika, hiyo ni kazi ya wiki nyingi na hakuna chuo kitakachokungojea. Wakati wa kungojea ndo wakati wa kazi hii.

Na watu. Hapa kwetu mtu akisikia umeomba Marekani, kesho barazani ushafika. Mwambie mzazi na mtu mmoja wa kukushauri, basi. Mdogo wangu alichoka zaidi na "vipi, bado?" za njiani kuliko na chuo chenyewe, mpaka akawa hatoki jioni. Swali istikhara, mimi naamini na nilimwambia aswali, na ukimaliza kuswali ingia kwenye imeili uangalie mpaka kwenye takataka (spam), manake jibu linaweza kuwa limelala huko na muda wake unahesabika.

Letu lilikuja siku chache kabla ya Idi ya mfungo tatu. Kiti kipo, msaada wa fedha hakuna, jibu ndani ya saa 72. Nilimwona mdogo wangu mikono inamtetemeka. Mama akaenda kabatini akaitoa karatasi, akaiweka mbele yake, hakusema neno. Laki nne. Mdogo wangu alikaa nayo kama nusu saa, kisha akauliza kama bando limebaki, akaandika mwenyewe mistari miwili: nashukuru, siwezi kuja, mpeni mwengine. Na wewe ukishaamua kwenda kwengine, hata kabla hawajakutafuta, waandikie wakutoe kwenye listi, kuna mtoto wa watu anakingoja hicho kiti. Mwezi wa nane akafungasha godoro na ndoo tukavuka Mokowe, akaenda Kilifi kusomea ualimu wa sayansi.