Njombe mpaka Makete kwa pikipiki mwezi wa saba: panga kwa masaa ya jua, usipange kwa kilomita

Nianze na vidole, maana kwangu somo lote lilianzia hapo. Mara ya kwanza naenda Makete na pikipiki ilikuwa mwezi wa saba, nimetoka Njombe saa kumi na mbili na nusu asubuhi kishujaa kabisa, jaketi moja la jinzi na glovu zile za kitambaa za kubebea tofali, na kwenye mteremko mmoja nikataka kupangua gia niingie kona, mkono wa klachi ukagoma. Vidole naviona pale, vimeshika, ila havisikii. Nikaingia kona na gia ya nne nikatokea upande wa pili wa barabara mzima mzima, bahati tu hakukuwa na Fuso linapanda. Kibanda cha chai cha kwanza nilichokiona nikasimama, nikashindwa hata kufungua kamba ya helmeti, mama mwenye kibanda ndo akanifungua pale kidevuni kama mtoto wa chekechea huku ananiuliza, "Kamwene mwanangu, nani kakutuma saa hizi?"

Hakuna aliyenituma. Niliangalia tu umbali nikasema hii ngoma ndogo.

Na kweli ukiangalia umbali utadanganyika. Njombe mpaka Makete ni kama kilomita 107, lami sasa hivi, kijiji cha Moronga ndo katikati yake karibu kabisa. Mtu aliyezoea Morogoro Road anapiga hesabu ya saa moja na nusu anamaliza. Usimsikilize. Barabara inazunguka na milima ya Kipengere, unapanda unashuka juu huko zaidi ya mita 2,000, kona juu ya kona, na kama ni mara yako ya kwanza weka masaa matatu mpaka manne na kusimama ndani yake.

Sasa hayo masaa yakae wapi ndo swali lenyewe. Huku Nyanda za Juu Kusini mwezi wa sita na wa saba jua linachomoza karibu saa moja kamili, sio saa kumi na mbili kama ulivyozoea, na jioni linazama kwenye saa kumi na mbili na nusu hivi. Alafu kuchomoza sio kupasha. Kwenye mabonde na kwenye mashamba ya misonobari kivuli kinakaa mpaka saa nne, na usiku ukiwa wa baridi kali asubuhi unakuta sakitu nyeupe, yaani umande ulioganda, kwenye majani, sasa jiulize kama majani yako vile lami ya kivulini ikoje. Kwa hiyo mimi siku hizi naanza saa tatu na nusu au saa nne, na nataka saa tisa niwe nimeshapaki. Siku yako ya pikipiki kipupwe ni masaa matano mpaka matano na nusu tu. Ukitaka kuongeza, unaongeza kwa kuganda.

Na baridi ya kwenye pikipiki sio ile unayoisoma kwenye simu. Simu ikisema nyuzi 10, ukiwa unatembea kilomita 60 kwa saa mwili unaipata kama nyuzi 5, na simu ikisema 5 unaipata chini ya sifuri kidogo. Ndo maana mtu anatoka nje ya gesti anasema mbona kawaida, dakika ishirini baadaye meno yanagongana.

Kama unatokea Dar basi usijaribu kuunganisha, ni zaidi ya kilomita 700 mpaka Njombe na mlima wa Kitonga upo hapo kati na malori yake, lala Iringa au Makambako, fika Njombe mchana, lala, kesho yake ndo uanze hizi kona ukiwa na akili mpya.

Njia usiyoijua inasomwa siku moja kabla, umekaa na chai. Fungua ramani kwenye simu weka ile picha ya setilaiti, fuata barabara kwa kidole polepole, na usisahau kuipakua kabisa maana mtandao huko milimani unakuja unaondoka. Mimi natafuta pale barabara inapojikunja mpaka inakurudisha ulikotoka, natafuta madaraja maana mara nyingi yako chini ya mteremko na kona imeshikana nayo, na natafuta vijiji, yaani chai na binadamu. Ila ramani haikwambii maji wala ukungu, hivyo nenda stendi. Hapa kuna ujanja kidogo, ukimuuliza konda wa Coaster au dereva wa Fuso la viazi "barabara ikoje?" atakwambia nzuri tu, kwake ni nzuri kweli. Muulize hivi, wapi unaweka gia ya pili? Wapi maji yanakatiza barabara? Wapi ukungu unakawia kutoka? Hapo utaona anakaa vizuri kwenye siti anaanza kukutajia moja moja na mikono anaonyesha. Mmoja alinichorea kona tatu kwenye vumbi la boneti lake, na zilikuwa vile vile alivyochora.

Majibu hayo yaandike. Nachukua plasta ile nyeupe ya hospitali nabandika juu ya tenki, naandika na peni kilomita na neno moja, mfano "18 daraja", "40 kivuli", nasoma kwenye mita ya pikipiki niliyoiandika wakati natoka. Simu na glovu haviendani na kusimama kila dakika kuangalia simu ni kero.

Alafu weka saa ya kugeuza, uiweke ukiwa bado una joto. Yangu ni Moronga saa sita na nusu. Nisipokuwa nimefika Moronga muda huo, iwe ukungu, iwe puncha, iwe nini, Makete ya leo imeisha, narudi Njombe. Ukisubiri kuamua ukiwa umeshaganda utaamua kuendelea, kila mtu huwa anaamua kuendelea, sijui kwanini.

Nguo hazihitaji hela nyingi. Adui ni upepo, sweta tatu bila kitu cha kuzuia upepo ni kama umevaa wavu. Mwilini vaa kitu cha kubana cha mikono mirefu, juu yake sweta la sufu la mtumba, juu yake jaketi, na juu ya vyote koti la mvua hata kama mbingu ni ya bluu. Koti la mvua la plastiki la bei ya chini linashinda jaketi zuri linalopitisha upepo. Gazeti kukunja ukaweka kifuani chini ya jaketi wazee wa baiskeli walikuwa wanafanya na linafanya kazi mpaka leo. Shingo ndo mlango wa baridi, vaa mzula unaoshuka mpaka shingoni. Miguu weka soksi mbili ila kiatu kisibane, kikibana damu haipiti na unapoteza faida yote, kati ya soksi na soksi unaweza weka mfuko wa plastiki.

Mikono sasa. Glovu ya ngozi yenye sufu ndani kubwa kidogo, na juu yake zile kava za turubai ambazo bodaboda wa huku wanafunga kwenye usukani unaingiza mikono ndani. Zinaonekana za kijinga, nilizicheka, siku hizi ndo kitu cha kwanza nafunga. Jaribu kwanza ukiwa umepaki kama unafikia klachi, breki, honi na indiketa bila kutafuta. Na uwe na kipimo, mimi kila baada ya dakika kumi nagusa kidole gumba na kidole kidogo ndani ya glovu, mkono wa kushoto kwanza. Kikichelewa kufika, nasimama kijiji kinachofuata, sio kinachofuata baada ya hicho. Kupasha mikono kwenye injini ni sawa ila iweke pembeni kwa mbali bila kugusa, ukiwa na ganzi hujui unaungua.

Kioo cha helmeti kitapiga ukungu. Paka sabuni kavu ya mche ndani yake, futa na kitambaa mpaka iwe kama haipo, na mzula uache pua nje ili pumzi iende chini. Bado kikikataa fungua kidogo tu cha unene wa kidole.

Pikipiki yenyewe sitakaa sana, mambo ni yale yale, tairi isiwe kipara, cheni, breki, taa zote, bima iwe hai na leseni mfukoni. Vitu vya mlimani ni hivi. Kama ni ya kabureta, kule juu hewa ni nyepesi na utapoteza karibu robo ya nguvu, usiogope ukadhani injini imekufa, shusha gia upande taratibu, na ukibeba mtu nyuma na begi lake hesabu hiyo inazidi kuwa mbaya. Upepo wa tairi pima asubuhi ikiwa ya baridi, usijaze mpaka iwe jiwe kama wanavyopenda pale kijiweni, tairi ngumu haishiki. Mafuta jaza Njombe mpaka juu, ya kwenye chupa njiani iwe dharura tu.

Tukija kwenye kona. Kilomita za kwanza tairi ni za baridi, hazishiki kama unavyozijua, na kila ukisimama kunywa chai unaanza upya, hapo ndo watu wanaanguka, wametoka kupumzika wana morali. Angalia pale mbele kabisa barabara inapopotea machoni. Ile sehemu ikiwa inakukimbia, kona inafunguka, unaweza kuongeza. Ikiwa imesimama au inakujia, kona inazidi kukunja, punguza sasa hivi, usisubiri kuiona yote. Breki zote na gia malizia ukiwa bado umenyooka, alafu ndo uinamie kona na mwendo ulioshika.

Sisi tunatembea kushoto kwa hiyo kona mbili hizi haziko sawa. Kona ya kulia kaa upande wa kushoto wa njia yako, unaona mbali, na ukiinama kichwa chako hakivuki mstari. Watu wengi tairi ziko upande wao ila kichwa na bega viko kwa lori. Kona ya kushoto vitabu vinasema sogea karibu na mstari wa kati ili uone mbali, mimi kwa barabara hii nakataa, magari ya mbao na ya viazi yanakata kona, nakaa katikati ya njia yangu, naona kidogo, naenda taratibu, napiga honi kabla. Taa washa mchana kutwa.

Kushuka tumia gia ile ile ambayo ungepandia. Breki za ngoma ukizishikilia mteremko wote zinachemka, na zikichemka unakanyaga mpaka mwisho na pikipiki inaendelea na safari yake. Doa jeusi la kivuli lichukulie ni maji mpaka ulipite, pita umenyooka, mkono wa mafuta usibadilike, breki usiguse. Ukiona matawi ya miti yamewekwa barabarani usidhani ni upepo, kuna gari limekufa mbele na mara nyingi liko kwenye kona yenyewe. Na lori likikuwashia indiketa ya kushoto kwamba pita, shukuru, alafu angalia mwenyewe, yeye anaona kwa macho yake na anayegongwa ni wewe.

Ukishafika Makete kama bado saa nane na una nguvu utatamani kuendelea Kitulo kwa sababu umesikia bustani ya Mungu. Hifadhi ipo tangu 2005 na ni pazuri kweli, ila maua yake ni ya msimu wa mvua, kuanzia Novemba mpaka Aprili hivi, mwezi wa saba utakuta nyasi na upepo tu, na njia ya kule mpaka kutokea Isyonje upande wa Mbeya ni safari nyingine inataka mpango wake. Lala Makete. Kula viazi na maharage moto, chai ya tangawizi, pombe iache mpaka mwili upate joto lake, ile joto ya pombe ni ya ngozi tu, ndani unazidi kupoa.

Gesti wakikuletea jiko la mkaa chumbani wapashie chumba mlango ukiwa wazi, ota moto, alafu kabla hujalala litoe nje lote, hata kama mkaa umebaki majivu mekundu tu. Moshi wake mbaya hauna harufu na hauamshi mtu. Omba blanketi la tatu, wanalo.

Asubuhi usikimbilie stati. Funika injini na gunia usiku, vuta choki, piga kiki mara mbili tatu swichi ikiwa imezimwa oili isogee, alafu ndo uwashe, na iache ingurume taratibu wakati wewe unakunywa chai. Hakuna haraka, saa nne bado.