Mnahamisha kikundi cha maigizo? Changisheni kodi kwanza

Mimi ni mweka hazina wa kikundi cha maigizo hapa Eastlands, Nairobi, na sasa tunachangisha pesa za kuhamia godauni Industrial Area. Vikundi vingine vikiniuliza tunafanyaje, huwaambia waanze na kodi ya jengo.

Viti, taa na mapazia hupata wa kuvinunua kwa sababu vinaonekana. Kodi, stima na mshahara wa mlinzi havionekani, na hivyo ndivyo hufungisha kumbi. Sijawahi kuona kikundi kikifukuzwa kwa kukosa mapazia. Kwa hiyo lengo letu la kwanza ni kodi ya mwaka mzima, ikae benki kabla hatujanunua hata msumari.

Ili mjue mwaka huo utagharimu kiasi gani, lichunguzeni jengo vizuri. Nendeni Jumamosi alasiri, saa ambayo mngekuwa jukwaani, msikilize kama jirani anachomelea vyuma. Rudini saa tatu usiku muone kama kuna matatu za kurudisha watazamaji Kayole, Umoja na Rongai. Mtu akikosa gari mara moja, harudi tena. Tazameni kama nguzo imesimama katikati, mahali jukwaa litakapokuwa, na kama paa liko juu vya kutosha kutundika taa bila kumchoma mwigizaji kichwa. Ulizeni kama kuna stima nzito ya viwandani, vyoo vya kutosha, na mlango wa pili wa kutokea moto ukizuka. Halafu mabati! Godauni nyingi zimeezekwa mabati matupu, na mvua ya Aprili ikianza hakuna sauti ya mwigizaji itakayofika safu ya tatu. Dari ya kuzuia kelele ni gharama kubwa, lakini bila hiyo mtapoteza msimu mzima wa mvua. Iwekeni kwenye bajeti mapema.

Mkataba mpelekeeni wakili, hata kama mwenye nyumba ni rafiki. Hapa Kenya majengo ya biashara hukodishwa sana kwa miaka mitano na miezi mitatu, au miaka sita, kwa sababu mkataba usiozidi miaka mitano unampa mpangaji ulinzi zaidi wa kisheria, na wenye majengo huukwepa. Mkitia saini ule mrefu, someni kwa makini kodi itapanda kwa asilimia ngapi na lini. Na kabla ya kulipa amana, pateni maandishi kwamba kaunti itaruhusu jengo la kuhifadhi mizigo litumike kama ukumbi wa watu.

Pesa zenyewe zisipitie simu ya mtu, hata yangu. Sajilini kikundi (sheria ya mwaka 2022 inataka wanachama wasiopungua kumi), fungueni akaunti ya benki yenye watia saini watatu, kisha muiunganishe na Paybill, namba ya kupokelea malipo ya M-Pesa. Naipenda kuliko Till, ile namba ya malipo ya dukani, kwa jambo moja: mchangaji huandika namba ya akaunti. Sisi tunawaomba waandike KODI, PAA au KITI, na jioni nikifungua taarifa najua kila shilingi ilikusudiwa wapi. Kila Jumapili ninatuma hesabu kwa wote waliochanga, hata aliyetoa hamsini. Mkitaka kupitisha mikebe barabarani, ombeni kibali kwanza, maana sheria ya michango ya umma inakidai.

Sasa, mtu ataombwaje achangie kitu asichokiona? Kwa njia mbili. Ya kwanza: tuseme kiti kimoja kinagharimu 4,000 kwa fundi. Omba 10,000, na uandike wazi kwenye kadi: 4,000 kiti, 6,000 kodi. Watu hawakasiriki wakiambiwa ukweli. Ya pili, na ndiyo ninayoithamini zaidi, ni kuuza miezi. Chama cha akina mama kinachukua Machi, waliosoma pamoja shule fulani wanachukua Juni. Kodi ya mwezi huo ni yao, na jina lao linasomwa kabla ya kila onyesho la mwezi huo. Kundi la watu ishirini hulipa mwezi bila kuumia.

Wasio na pesa msiwapuuze. Mwaka 1977 wanakijiji wa Kamiriithu, Limuru, walijijengea ukumbi wa wazi kwa mikono yao. Serikali iliubomoa mwaka 1982, lakini walikuwa wamekwisha kuonyesha kwamba kazi ya mikono nayo ni mchango. Siku ya fundi wa stima iandikwe kwenye daftari kwa thamani yake, apewe risiti kama mwingine yeyote.

Kuhusu harambee ya mgeni wa heshima, msimamo wangu ni mkali: msimwalike mtu anayetafuta kura. Mwezi ujao huenda mkahitaji kuigiza habari zake, na bahasha yake itakuwa imewafunga midomo.

Pesa za maonyesho ya vitabu teule, vile vinavyotahiniwa shuleni, ambazo shule hulipa mapema msiziguse kwa ajili ya amana. Hizo ni deni kwa wanafunzi mpaka pazia lifunguliwe.

Jambo la mwisho liwe kwenye kadi ya mchango tangu siku ya kwanza: tarehe ya kufunga mchango, na pesa zitakwenda wapi lengo lisipofikiwa. Sisi tumeandika kwamba aliyetoa elfu moja au zaidi atarudishiwa akitaka, na kiasi kitakachobaki kitalipia ukumbi tunaoutumia sasa.