Vocha ya nyumba Marekani: jinsi ya kuomba na jinsi ya kutofutwa kwenye orodha

Ndugu zangu mnaoishi Marekani, swali ninaloulizwa kwanza kila mara ni hili: "Nikikubaliwa, nitapewa dola ngapi?" Hupewi hela mkononi. Kwa vocha ya Section 8, mpango uliotokana na sheria ya 1974, wewe unalipa takriban asilimia 30 ya kipato chako baada ya makato. Mamlaka ya nyumba ya eneo lako inamlipa mwenye nyumba sehemu inayobaki, mradi pango lisipite kiwango chao. Saa za kazi zikipungua, unatoa taarifa na sehemu yako inashushwa. Kwa familia maskini huo ni msaada mkubwa kuliko hundi ya mara moja, na ndiyo maana foleni yake katika miji mingi inahesabiwa kwa miaka.

Wengi ninaowaona wakikosa walikuwa na sifa zote. Jina lilifutwa kwa sababu barua ilitumwa anwani ya zamani, au kwa sababu hakuna aliyewaambia waandike kuwa nyumbani kuna mgonjwa. Kwa hiyo nitakawia zaidi hapo.

Hatua ya 1: Jua kama unaingia. Kwa kawaida kipato cha familia kisizidi nusu ya kipato cha kati cha eneo lenu, kwa kadiri ya idadi ya watu. Robo tatu ya vocha mpya lazima ziende kwa wenye kipato cha chini kabisa. Si lazima uwe raia: mkimbizi, aliyepewa hifadhi na mwenye grini kadi wanakubalika.

Hatua ya 2: Omba sehemu nyingi. Kila mamlaka ya nyumba ina orodha yake, na orodha hufunguliwa siku chache kisha ikafungwa. Hakuna kinachokuzuia kuwa kwenye orodha za miji kadhaa kwa wakati mmoja. Omba pia nyumba zinazomilikiwa na mamlaka yenyewe, na majengo binafsi yenye ruzuku yake, kwa sababu foleni zao ni tofauti. Fomu ni bure. Anayekutoza pesa ili "akuingize" ni tapeli, hata kama mnasali pamoja.

Hatua ya 3: Ulemavu uandikwe. Watu wetu huficha ugonjwa kwa kuona aibu, na hapo ndipo haki inapopotea. Sheria ya makazi ya 1968, iliyopanuliwa mwaka 1988 iwalinde wenye ulemavu, pamoja na kifungu cha 504 cha sheria ya 1973, zinailazimisha ofisi kulegeza taratibu zake pale ulemavu unapohitaji hivyo, ilimradi ombi liwe la kiasi. Unaweza kuomba chumba cha ziada kwa msaidizi anayelala hapo, na kipato cha msaidizi huyo hakihesabiwi. Unaweza kuomba muda zaidi wa kutafuta nyumba, au barua za maandishi makubwa, au mahojiano yafanyike nyumbani kwako. Andika tu: "Naomba chumba cha ziada kwa sababu ya ulemavu wangu. Mtu anayenihudumia analala hapa." Mtafute mtu mzima akutafsirie, usimbebeshe mtoto kazi hiyo. Daktari au nesi anathibitisha kwamba unahitaji, basi. Historia yote ya ugonjwa haiwahusu. Baki na nakala yenye tarehe.

Hatua ya 4: Linda nafasi yako. Ukihama au ukibadilisha simu, ijulishe kila ofisi kwa maandishi. Mara kwa mara wanatuma barua kuuliza kama bado unataka msaada, na asiyejibu anafutwa. Bahasha yoyote ya ofisi ya nyumba ifunguliwe siku hiyohiyo. Kama unahamahama, tumia anwani ya mtu unayemwamini au ya shirika linalokuhudumia.

Hatua ya 5: Vocha ikitoka. Una angalau siku 60 za kutafuta nyumba. Ukiona siku zinayoyoma, omba nyongeza kabla hazijaisha. Usisaini mkataba wala kuhamia kabla ofisi haijaikagua na kuikubali nyumba. Mwenye nyumba akitaka umwongezee kidogo pembeni, kataa: hairuhusiwi, na unaweza kupoteza vocha.

Kama huna pa kulala usiku wa leo, usisubiri orodha hizi. Piga 211, namba ya simu ya kuelekezwa penye misaada, uliza shelta (makazi ya muda), na uliza pia wapi unafanyiwa tathmini ya watu wasio na makazi. Tathmini hiyo ina njia yake ya kukupatia nyumba.

MASWALI YA WANACHAMA

Shikamoo mama. Tuko tisa kwa shemeji, vyumba viwili. Je, tunahesabiwa hatuna makazi?

Marahaba mwanangu. Kwa wizara ya nyumba, HUD, kubanana kwa ndugu peke yake hakutoshi. Lakini kama shemeji anawataka mtoke ndani ya siku 14 na hamna pa kwenda wala uwezo, mnaweza kuhesabiwa. Mwombe aandike barua yenye tarehe. Shuleni ni tofauti: chini ya sheria ya McKinney-Vento ya 1987, watoto wanaoishi kwa ndugu kwa sababu familia imekosa nyumba wanahesabiwa. Wanaandikishwa hata bila karatasi kamili, na wanaweza kubaki shule yao ya awali na kupewa usafiri. Kesho nenda ofisi ya shule.

Mume wangu alipata kiharusi. Barua ilikuja akiwa hospitali, hatukujibu, tumefutwa. Ndiyo basi?

Hapana dada, pole sana. Kanuni ya vocha inasema kama hukujibu kwa sababu ya ulemavu wa mmoja wa familia, ofisi lazima ikurudishe nafasi yako ileile. Si mwisho wa foleni! Andika leo, ambatanisha karatasi ya hospitali inayoonyesha tarehe.

Nina miaka 67, nyumba ni yangu, tuko mashambani. Paa linavuja.

Shikamoo mzee. Msaada huo si wa vocha. Nenda kwa Wizara ya Kilimo, USDA. Wana ruzuku ya hadi dola 10,000 kwa wenye nyumba wa miaka 62 na zaidi, wa maeneo ya vijijini, wenye kipato cha chini sana, wasioweza kulipa mkopo. Ni ya kuondoa hatari kwa afya na usalama, na paa lako linaingia. Ukiuza nyumba kabla ya miaka 3 kupita, utairudisha.

Nimekataliwa. Barua inasema nina deni la nyumba ya zamani, na si kweli.

Kaka, omba ombi lako lipitiwe upya, kwa maandishi, kabla ya tarehe iliyo kwenye barua hiyo. Ni haki yako. Peleka risiti za pango na mkataba wa zamani, na kama ofisi ya msaada wa sheria bila malipo iko karibu, wapigie kabla hujaipeleka barua yako.