Kunomalaizi funksheni ya wimbi: jinsi ya kuipata A

Wanaoanza umakanika kwanta wengi hukwama kwenye herufi moja, ile A inayokaa mbele ya funksheni ya wimbi, ψ. Si pambo. Mwaka 1926 Max Born alieleza kwamba |ψ|², wala si ψ yenyewe, ndiyo inayotupa uwezekano wa kuikuta chembe mahali fulani. Chembe haiwezi kukosa kuwa popote, basi ukijumlisha uwezekano wa kila mahali sharti upate 1. A ipo kwa ajili hiyo tu, na kuichagua ili jumla iwe 1 ndiko kunomalaizi.

Tuseme chembe imefungiwa kati ya x = 0 na x = L, na ψ(x) = A x(L − x). Nje ya hapo ψ ni sifuri.

Hatua ya 1. Anza na kipeo cha pili: |ψ|² = |A|² x²(L − x)². Angalia, A nayo imepanda. Hapa ndipo watu huteleza: mtu anatafuta integrali ya ψ yenyewe, anapata A = 6/L³, na kwa kuwa jibu linapendeza macho hashtuki. Mimi mwenyewe nililiandika hilo kwenye mtihani, tena kwa kujiamini.

Hatua ya 2. Fungua mabano: L²x² − 2Lx³ + x⁴.

Hatua ya 3. Integrali kutoka 0 hadi L inatoa L⁵/3 − L⁵/2 + L⁵/5. KDS ya 3, 2 na 5 ni 30, kwa hiyo (10 − 15 + 6)/30, yaani L⁵/30.

Hatua ya 4. |A|² L⁵/30 = 1, hivyo A = √(30/L⁵).

Hatua ya 5, ambayo karibu kila mtu huiruka: kagua vizio. |ψ|² ikizidishwa kwa urefu lazima itoe namba tupu, kwa hiyo ψ ina vizio vya urefu kwa kipeo cha −1/2. Sehemu ya x(L − x) ina kipeo 2, A yetu ina −5/2. Jumla ni −1/2. Safi. Sasa irudie ile 6/L³: 2 − 3 ni −1. Kosa limenaswa bila kugusa integrali.

A ikishapatikana, funksheni inaanza kusema kitu. Kwa mfano, uwezekano wa kuikuta chembe kati ya L/4 na 3L/4 ni kama 0.79. Nusu ya katikati imebeba sehemu kubwa mno.

Maswali

Swali: Mwalimu, kipeuo cha pili kina majibu mawili. Mbona umeiacha A hasi?
Jibu: Ichukue ukitaka. Hata ukizidisha kwa e^(iθ) yoyote, |ψ|² haibadiliki. Chanya ni mazoea tu.

Swali: Nimejaribu e^(ikx) kwenye mstari usio na mwisho, integrali haifiki kikomo. Nimekosea wapi?
Jibu: Hujakosea. |e^(ikx)|² ni 1 kila mahali, na ukijumlisha 1 bila mwisho utakesha. Wimbi hilo peke yake si hali ambayo chembe inaweza kuwa nayo. Changanya mengi yenye k tofauti upate pakiti ya mawimbi, hiyo inanomalaizika. Linganisha na A e^(−|x|/b): mstari ni uleule, lakini integrali ya e^(−2|x|/b) ni b, basi A = 1/√b.

Swali: Nikishanomalaizi kwenye t = 0, nirudie kila wakati?
Jibu: Hapana. Mlinganyo wa Schrödinger, ule unaosema ψ inavyobadilika na muda, wenyewe unailinda ile 1, mradi potensheli (nishati ya chembe kutokana na mahali ilipo) iwe namba halisi. Ukiona kwenye kompyuta jumla inapanda kadiri muda unavyosonga, usiilaumu fizikia. Kagua njia uliyotumia kukokotoa. Ile rahisi ya Euler ya kusonga mbele ina tabia hiyohiyo.