SOMO: Simu yenye mgongo wa chuma na chaja isiyo na waya, namna ya kupunguza umeme unaopotea

Habari zenu wakuu. Chaja za kuweka simu juu zimejaa Kariakoo siku hizi, na malalamiko ni yale yale: simu inachemka, chaji haipandi. Mara nyingi chaja ni nzima. Tatizo ni chuma kilichokaa kati yake na simu.

Ndani ya chaja kuna koili ya shaba. Umeme wake unabadili mwelekeo zaidi ya mara laki moja kwa sekunde na kutengeneza uga sumaku, kisha koili ya ndani ya simu inaunasa na kuugeuza kuwa umeme tena. Ukiweka bati katikati, mikondo ya umeme inaanza kuzunguka ndani ya bati hilo, inalipasha moto na kuupinga uga wa chaja. Alumini nayo inazuia, ingawa haishikwi na sumaku. Ndiyo maana iPhone 8 ya mwaka 2017, ilipoletwa na chaji isiyo na waya, ilikuja na mgongo wa kioo.

Hatua ya 1. Jua simu yako ni ya kundi gani. Kama ina Qi ya kiwandani (mfumo wa kuchaji bila waya ambao chaja hizi za mtaani hutumia), chuma umekiweka wewe, nenda hatua ya 2, kisha ruka hadi ya 4. Kama mgongo ni wa chuma na haina Qi, ruka hadi ya 3.

Hatua ya 2. Vua kava uangalie. Dereva mmoja wa teksi alinijia akiamini chaja yake mbovu. Nyuma ya kava tukakuta kile kibati cha kunasishia simu kwenye dashibodi, cha moto kiasi kwamba kidole hakikai. Kilipotoka tu, simu ikaanza kula chaji. Toa pia kadi ya benki, maana chipu na utepe wake vinaweza kuharibika.

Hatua ya 3. Hapa ndipo wengi wanapokwama, msome taratibu. Nunua stika ya kupokea chaji, ile nyembamba yenye kichwa kinachoingia kwenye tundu la chaji. Upande mmoja una koili, upande wa pili una karatasi nyeusi ya feraiti. Feraiti ielekee mgongo wa simu, koili ielekee chaja. Kazi ya feraiti ni kuubeba uga sumaku na kuurudisha kwenye koili kabla haujafika kwenye chuma. Stika za bei chee huja na feraiti nyembamba mno au hazina kabisa. Ongeza karatasi ya feraiti inayozidi koili kidogo pande zote. Karatasi ya alumini ya jikoni si mbadala, itachemka. Usigandishe moja kwa moja: shikiza kwa selotepu, jaribu, ndipo ugandishe. Tegemea wati 5 hivi, si zaidi.

Hatua ya 4. Koili zikutane katikati. Sogeza simu kidogo kidogo. Milimita chache tu zinabadilisha mengi. Kava lisizidi milimita 3.

Hatua ya 5. Angalia kichwa cha chaja, kile kinachochomekwa ukutani. Sahani ya kuwekea simu ya wati 15 ukiichomeka kwenye kichwa cha wati 5, unailaumu bure.

Hatua ya 6. Pima kwa kipima umeme cha USB, kinachokaa kati ya kichwa na waya. Zidisha volti kwa ampea upate wati. Namba zikipanda na kushuka bila kutulia, chaja huenda imehisi chuma na inajizima.

MASWALI YA WADAU

*Mkuu, nikitoboa mgongo wa chuma niweke kioo?*
Hapana ndugu yangu. Betri ya lithiamu iko hapo hapo chini, ukiichoma inawaka. Na hata ukifaulu, ndani hakuna saketi ya kupokea.

*Hakuna teknolojia inayokubaliana na chuma?*
Ipo. Qualcomm walitangaza ya kwao, WiPower, Julai 2015, inayotumia megahezi 6.78, ambapo chuma hakichemki sana. Ila chaja ulizonazo mtaani ni za Qi, hazifanyi kazi nayo.

*LUKU yangu itaisha haraka, kaka?*
Wala usihofu, dada. Betri ya mAh 4,000 inabeba kama wati-saa 15. Hata ikitumia 25 kwa sababu ya upotevu, uniti moja (wati-saa 1,000) inaichaji mara 40. Hofia zaidi joto, hasa Januari na Februari: chajia penye feni, mbali na dirisha la jua.

*Kava langu lina pete ya sumaku, niitoe?*
Kama kava limetengenezwa kwa simu hiyo na katikati ya pete ni wazi, iache, inasaidia koili kulingana. Kama ni bati zima la duara, toa.