Kipimajoto cha Kuyeyushia Plastiki ya Chambo: Anza na cha Kuchovya

Kikombe changu cha kwanza cha plastiki ya chambo kiliishia jalalani. Nilitaka minyoo bandia myeupe ya kuvulia samaki, nikapata uchafu wa kahawia unaonuka, na macho yananiwasha. Na kipimajoto nilikuwa nacho! Kilikuwa kile cha bastola, unaelekeza, unabonyeza, namba inatokea. Kiliniambia 150, nikarudisha kikombe kwenye maikrowevu. Kumbe ile 150 ilikuwa ya juu tu. Chini plastiki ilishaanza kuungua.

Kabla ya kununua chochote, ujue unapima nini. Plastisoli, kile kimiminika cheupe kama maziwa, ni unga wa PVC, plastiki ya aina ile ya mabomba, uliochanganywa na mafuta ya kulainishia. Ukikipasha moto hakiyeyuki kama nta. Kwanza kinaganda kuwa uji mzito, halafu kinalegea tena, kinakuwa chepesi na unaona hadi chini ya kikombe. Aina nyingi huiva kwenye nyuzi 177 hivi za Selsiasi, yaani 350 za Farenhaiti, lakini maelekezo ya kwenye kopo lako ndiyo ya kufuatwa. Ukimimina mapema, chambo kinatoka na ukungu na kinachanika kwenye ndoana hata kabla samaki hajakigusa. Ukikaribia 200 na kupita, rangi inageuka njano kisha kahawia, na moshi wake unabeba haidrojeni kloridi, gesi inayogeuka asidi ikikutana na unyevu wa macho na koo. Kwa hiyo fanyia kazi mahali penye hewa inayopita, na miwani na glavu zikiwa tayari umevaa.

Basi nafasi uliyonayo ni nyuzi ishirini hivi. Nyembamba. Ndiyo maana kitu cha kwanza ninachosoma kwenye boksi ni kikomo cha juu, nami sichukui chochote kisichofika 250. Vingi vya kupimia nyama huishia 100 au 120, havikufai. Cha homa nadhani sina haja ya kukisema, ingawa nimewahi kuulizwa. Vya kioo naviacha dukani: unakoroga kitu kizito kwa haraka, kikipasuka umepoteza kikombe kizima, na kama ndani mna zebaki umejitafutia balaa jingine.

Cha saa, chenye mshale, kinadanganya kwa njia ambayo watu hawaitambui. Sehemu inayohisi joto haiko nchani peke yake. Imejikunja ndani ya kijiti kwa sentimita kadhaa. Kwenye kikombe chenye plastiki ya kina cha vidole viwili, nusu yake inapima hewa. Tena mshale unatembea polepole, na wewe plastiki inapoa.

Ninachokupendekezea ni cha dijitali chenye kijiti chembamba cha kuchovya, kihisi kikiwa kwenye ncha. Kadiri ncha inavyokuwa nyembamba ndivyo namba inavyotulia upesi. Sekunde tatu au nne ni nzuri. Urefu wa kijiti uwe sentimita 12 au zaidi, vidole vyako vikae mbali na mvuke. Ukishanunua, usikirudishe tena jikoni kwenye chakula.

Bastola sijaitupa. Ni ya pili, na ina masharti. Koroga kwanza, halafu pima papo hapo, maana inasoma uso tu. Elekeza kwenye plastiki yenyewe kutoka juu. Ukipitisha kwenye ukuta wa kikombe cha kioo, unasoma kioo. Kinukta chekundu kinaonyesha uelekeo tu, hakionyeshi ukubwa wa eneo linalopimwa. Yenye uwiano wa 12:1, yaani umbali ni mara 12 ya upana wa eneo linalopimwa, ukiwa umbali wa sentimita 30, inapima duara la sentimita 2.5, ya 8:1 inapima karibu 4, na kwenye kikombe kidogo hapo ukingo nao umeingia. Kwenye kalibu, yaani umbo la kumiminia chambo, ya alumini inayong'aa itakupa namba ndogo kuliko ukweli. Mimi nimebandika kipande cha utepe wa karatasi ubavuni mwa kalibu, ndipo ninapolenga.

Kipya au cha zamani, kijaribu kwenye maji yanayochemka. Usawa wa bahari kisome 100. Ukiwa juu zaidi, punguza nyuzi moja kwa kila mita 300 hivi. Kisha kifute kikauke kabisa, narudia, kabisa. Tone moja la maji likiingia kwenye plastiki ya nyuzi 170 linageuka mvuke ghafla na kukurushia plastiki ya moto. Nina alama ndogo kwenye kifundo cha mkono inayonikumbusha.

Kusafisha hakuna kazi. Acha kijiti kipoe, utando unavulika mzima kama soksi. Mimi huurudisha kikombeni, ni plastiki ileile.