Treni mjini, gari mashambani: mambo ya kupanga kabla ya kwenda Italia kiangazi

Gari tulikuwa tumeshalilipia miezi miwili kabla, kwa jina la mume wangu kwa kuwa yeye ndiye dereva. Leseni yake ilikuwepo, na ile ya kimataifa pia. Lakini kadi yenye nafasi ya kutosha kwa ajili ya amana ilikuwa yangu. Kijana wa kaunta pale Firenze, mji ambao wengi tunauita Florence, aliigeuza ile kadi, akasoma jina, akaisukuma taratibu juu ya meza ikarudi upande wangu. Amana huzuiwa kwenye kadi ya mkopo yenye jina la dereva mkuu. Kwamba mimi ni mke wake haikusaidia chochote. Pesa ya gari haikurudi, tukapanda basi kwenda Siena, na nyumba ya shambani tuliyokuwa tumeilipia kule vilimani hatukuiona hata paa lake.

Tangu siku hiyo nimekuwa mtu wa kuuliza maswali kila ndugu anaponiambia anakwenda Ulaya mwezi wa saba na anataka "kupanda treni halafu akodi gari kidogo". Ni safari nzuri sana, na ningeirudia kesho. Ila ina sehemu moja dhaifu: pale unaposhuka kwenye treni na kuingia kwenye gari, au kinyume chake. Hapo ndipo karatasi, majina, saa na mizigo vinapogongana, na karibu yote hayo hutatuliwa ukiwa bado nyumbani, Dar au Nairobi, mezani kwako.

Anza na kugawa ramani. Roma, Firenze na Venezia, yaani Venice, ni miji ya treni. Stesheni zake ziko ndani ya mji, treni za kasi hufika kilomita 300 kwa saa, na kutoka Roma hadi Firenze ni kama saa moja na nusu. Gari katika miji hiyo ni mzigo: huna pa kuegesha, na katikati ya mji huruhusiwi kuingia nalo. Venezia ndiyo kabisa, magari yanaishia kwenye uwanja mmoja mwanzoni mwa mji, unaoitwa Piazzale Roma, na baada ya hapo ni miguu au boti. Gari lina kazi yake kwenye vilima vya mkoa wa Toscana, kwa mfano bonde la Val d'Orcia, ambako miji midogo ya Pienza na Montalcino zimekaa juu ya vilima bila stesheni mlangoni, na mabasi ni machache. Kwa hiyo usikodi gari kwa siku zote kumi na nne eti kwa kuwa bei ya wiki mbili imeonekana nafuu. Kodi siku nne za mashambani, basi.

Viza ndiyo inayoamua tarehe za mengine yote. Ombi la viza ya Schengen, ile moja inayotumika Italia na nchi nyingi za Ulaya, hupokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari na si chini ya siku 15 kabla. Majibu huchukua siku 15, lakini wanaruhusiwa kufika siku 45. Ada ya mtu mzima ni euro 90 tangu Juni 2024, na mtoto wa miaka 6 hadi 12 ni euro 45. Bima ya safari iwe ya angalau euro 30,000. Pasipoti iwe imetolewa ndani ya miaka 10 iliyopita, na ibaki na miezi mitatu baada ya siku unayopanga kutoka. Kiangazi miadi hujaa mapema, hivyo anayetaka kusafiri Julai aanze kuhangaika Februari au Machi.

Hapa kuna mtego wa tiketi. Treni za kasi, Frecciarossa za kampuni ya Trenitalia na zile za kampuni ya Italo, huuzwa kama ndege: ukinunua mapema unapata bei ndogo, na kadiri siku zinavyokaribia bei inapanda. Lakini zile za bei ndogo kabisa hazibadilishwi wala hazirudishiwi pesa. Ukizinunua kabla ya viza, unacheza kamari na hela ya watoto. Ushauri wangu ni huu: kabla ya viza weka hoteli na gari vinavyoweza kufutwa bila gharama, kisha siku ileile pasipoti inaporudi na viza ndani, kaa chini ununue treni za kasi zote. Treni za kawaida za mkoa, zinazoitwa regionale, usizihangaikie. Bei yake ni ileile mwezi mmoja kabla au dakika kumi kabla.

Hizo za mkoa zina utaratibu wake wa kuzingatia. Tiketi ya karatasi lazima uigonge kwenye kimashine kidogo kilicho ukutani au kando ya njia ya treni kabla ya kupanda, nacho kinaichapa tarehe na saa. Ile ya kwenye simu inataka uithibitishe kupitia kiungo kabla ya kupanda. Usipofanya hivyo, una tiketi halali mkononi na bado unapigwa faini. Sisi tuliozoea SGR, tunaofika mapema, mizigo ikapita kwenye mashine na kitambulisho kikaangaliwa, tunapotea kidogo kule. Hakuna anayekagua mizigo, na namba ya njia ya treni yako, binario, huonekana kwenye ubao dakika chache tu kabla ya kuondoka. Watu husimama wameinua shingo, namba ikitokea wote wanatembea kwa pamoja. Jua namba ya treni yako, usitegemee jina la mji, kwa sababu ubao huandika kituo cha mwisho. Treni yako ya Firenze inaweza kuandikwa Milano au Torino.

Siku ya kutua, usinunue treni ya kasi yenye saa maalumu karibu na muda wa ndege. Tangu Oktoba 2025 mipaka ya Schengen imeanza kusajili alama za vidole na picha za wageni badala ya kugonga mhuri, na foleni haina ahadi. Kutoka uwanja wa ndege wa Fiumicino hadi Termini, stesheni kuu ya Roma, treni ya Leonardo Express inachukua dakika 32. Lala Roma kwanza.

Sasa gari. Vitu vitatu vibebe jina la mtu mmoja: oda ya gari, leseni na kadi ya mkopo. Andika hilo kwa kalamu nyekundu. Leseni ya kwetu peke yake haitoshi Italia. Inatakiwa leseni ya kimataifa ya udereva au tafsiri rasmi, na leseni ya kimataifa haina maana bila ile halisi kando yake. Tanzania na Kenya hutolewa na vyama vya magari, na kinachoshinda watu ni kuikumbuka wiki ya mwisho. Kuhusu kadi, wengi wetu tuna kadi ya kawaida ya benki, ile ya kutolea hela kwenye ATM, na simu yenye M-Pesa. Kampuni nyingi za magari hazipokei kadi hiyo kwa amana, au huipokea kwa sharti la kununua bima yao yote. Soma masharti ya tawi lenyewe utakalochukulia gari, maana kampuni moja inaweza kuwa na masharti tofauti mji kwa mji. Kisha nenda benki uulize mambo mawili: je, kadi hii imefunguliwa kwa matumizi ya nje, na kikomo chake kinabeba amana ya mamia ya euro, wakati mwingine zaidi ya elfu moja, huku ukibaki na hela ya kula? Amana haichukuliwi, inazuiwa tu, lakini kwa siku hizo hela hiyo huna.

Bima ya gari la kukodi huwa imo kwenye bei, ila ina kiasi unachobeba mwenyewe gari likipata ajali au likiibwa. Mara nyingi vioo, tairi na sehemu ya chini havimo. Unaweza kukata bima ya pembeni inayofidia kiasi hicho kwa bei ya chini kuliko ile ya kaunta. Ujue tu kwamba hiyo inakulipa baadaye, ukiwa na risiti, na amana bado itazuiwa. Mimi binafsi, nikiwa na watoto na barabara nyembamba za vijijini, nalipa ile ya kampuni na kulala usingizi.

Gari la bei ndogo kule ni la gia za mkono. Kama umezoea otomatiki, na madereva wengi wa Dar wameshazoea, agiza otomatiki mapema na ukubali kulipa zaidi. Kubadili gia kwa mkono wa kulia huku umekaa kushoto na unaendesha upande wa kulia, kwa siku ya kwanza, ni mafunzo matatu kwa mpigo. Kipilefti nacho unakiingia kwa kukata kulia. Mwenzako aliyekaa pembeni awe na kazi moja tu kila mnapotoka sheli au kwenye maegesho: kusema "kulia". Ni pale, barabara ikiwa tupu, ndipo mazoea yanakurudisha kushoto.

Chukua gari siku unayoondoka mjini. Kwa Firenze, chukulia uwanja wa ndege wa Peretola, ambako tramu ya T2 inakufikisha kutoka karibu na stesheni kuu, kisha unatoka moja kwa moja bila kugusa katikati ya mji. Ofisi za mitaani hufunga mchana na Jumapili, na ukirudisha gari kwa kuchelewa unahesabiwa siku nyingine. Kabla ya kuwasha, zunguka gari na simu inarekodi: bampa, rimu zote nne, kioo cha mbele, dashibodi ikionyesha mafuta na kilomita. Fanya hivyohivyo unaporudisha.

Jambo linalowaumiza wageni wengi kuliko ajali ni ZTL, maeneo ya katikati ya miji ambako magari yasiyo na kibali hayaingii. Hakuna geti wala trafiki. Kuna kibao cheupe chenye duara jekundu, na kamera inayosoma namba. Chini yake ubao wa umeme unaweza kuandika "varco attivo". Shemeji yangu anayeishi Ujerumani aliliona neno "attivo" akadhani njia iko wazi. Maana yake ni kwamba kamera inafanya kazi, usipite. Alizunguka akitafuta hoteli, akapita kamera ileile mara mbili, na hakujua lolote. Barua ilimfikia miezi minane baadaye, faini mbili, na kabla yake kampuni ya gari ilikuwa imeshakata ada ya kutoa jina lake kwa polisi wa mji. Sheria inawapa siku 360 za kumtumia taarifa mtu anayeishi nje. Kwa hiyo, kabla ya kuondoka nyumbani, iandikie kila hoteli iliyo ndani ya mji uulize: je, mko ndani ya ZTL, na mnaweza kusajili namba ya gari langu? Kama jibu halieleweki, egesha nje ya ukuta wa mji utembee. Siena, San Gimignano na Pienza zote ni miji ya kutembea.

Barabarani, mwendo ni 130 kwenye barabara kuu za kulipia na 110 mvua ikinyesha, 90 kwenye barabara za kawaida za nje ya mji, 50 mjini. Hakuna tochi ya kujificha nyuma ya mwembe. Kuna kamera, nyingine zinapima wastani wa mwendo wako kati ya nguzo mbili, kwa hiyo kupunguza mbele ya kamera hakusaidii. Kwenye barabara za kulipia unachukua tiketi ukiingia na kulipa ukitoka. Epuka mlango wa njano wa Telepass, ni wa wenye kifaa maalumu. Barabara ya kutoka Firenze kwenda Siena haina malipo. Maegesho: mistari myeupe ni bure, ya bluu ni ya kulipia, ya njano si yako. Sheli, benzina ni petroli na gasolio ni dizeli. "Fai da te" unajaza mwenyewe na ni nafuu kuliko "servito".

Mtoto aliye chini ya sentimita 150 lazima akae kwenye kiti chake, na kampuni hukitoza kwa siku. Kiagize mapema. Mizigo ipime kwa gari dogo kama Fiat Panda: masanduku manne makubwa hayaingii kwenye buti, na ukiyaacha yaonekane kwenye viti umewaita wezi.

Angalia pia kalenda. Tarehe 2 Julai na 16 Agosti Siena hukimbiza farasi wake wa Palio, na vyumba huisha. Tarehe 15 Agosti ni Ferragosto, Waitalia wenyewe wako barabarani na maduka mengi yamefungwa. Joto la kupita digrii 35 ni la kawaida, kwa hiyo hoteli yenye kiyoyozi si anasa. Beba chupa tupu. Roma ina mabomba ya maji ya kunywa kila mahali, bure. Na neno sciopero lichunguze wiki moja kabla: ni mgomo, hutangazwa mapema, na siku ya kazi treni za mkoa zilizohakikishwa hupita kati ya saa 12 na saa 3, asubuhi na jioni.

Ukisharudisha gari, treni ya Venezia inunue hadi Santa Lucia. Mestre ni stesheni ya bara, na kila kiangazi kuna familia inayoshuka hapo ikitafuta maji. Ukikaa kwenye kiti chako hadi mwisho, treni inavuka daraja refu juu ya bahari, unatoka mlangoni na Mfereji Mkuu uko chini ya ngazi. Kushoto kwako kuna daraja lenye ngazi nyingi za mawe, na hoteli yako pengine iko ng'ambo. Wiki moja kabla ya safari, jaza sanduku lako, lipandishe ghorofa tatu bila msaada, kisha urudi ukapunguze.